Boti kupoteza kasi: Dawa si kununua injini kubwa

BOTI ndogo haipotezi kasi kwa siku moja. Mwendo hupungua kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, hadi siku nahodha anapogundua kwamba mlango aliouzoea kuuvuka kabla ya maji kupwa sasa unamkwamisha mchangani, na kwamba dumu la petroli lililokuwa likitosha kwenda na kurudi sasa linaisha njiani.

Ifikapo hapo, wamiliki wengi wa boti katika mwambao wa Kenya, kuanzia Vanga hadi Kiunga, hukata shauri moja: injini imechoka, itafutwe nyingine yenye nguvu zaidi. Shauri hilo hugharimu pesa nyingi na aghalabu haliponyi ugonjwa uliopo. Isitoshe, laweza kuzua ugonjwa mwingine wenye hatari kubwa kwa abiria.

Kasi ya boti hutokana na mambo manne yanayotegemeana: hali ya sehemu ya chini inayozama majini, propela, uzito unaobebwa, na afya ya injini yenyewe. Injini ndiyo inayosikika na kuonekana, kwa hivyo ndiyo hulaumiwa kwanza. Hata hivyo, mambo matatu ya mwanzo ndiyo rahisi kukagua, na gharama ya kuyarekebisha ni ndogo.

Nguvu nyingi, kasi ndogo

Boti za injini ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni zile zinazopasua maji, kama vile mashua za mbao zilizofungwa injini ya dizeli ndani. Chombo cha aina hii kinapotembea huinua wimbi moja omoni na jingine tezini. Kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo wimbi linavyorefuka, hadi likalingana na urefu wa chombo. Kuanzia hapo chombo huwa kama kinachopanda kilima cha maji kilichojitengenezea chenyewe.

Mhandisi Mwingereza, William Froude, aliyefariki mwaka 1879, ndiye aliyeuweka wazi uhusiano huo kwa kuvuta vielelezo vidogo vya meli katika birika maalumu la maji mjini Torquay. Kutokana na kazi yake, wasanifu wa vyombo wana hesabu nyepesi. Hupima urefu wa chombo kwa mita pale kinapokutana na maji, hutafuta kipeo cha pili cha urefu huo, kisha huzidisha kwa 4.5. Jibu ni kikomo cha kasi kwa kilomita kwa saa. Mashua yenye urefu wa mita 9 majini, basi, ina kikomo cha takriban kilomita 13.5 kwa saa. Ikifungwa injini yenye nguvu maradufu, kitakachoongezeka zaidi ni mawimbi, moshi na bei ya dizeli.

Namna ya pili ni boti za faiba zenye tumbo pana na injini inayoning'inia tezini. Hizi zikipata nguvu za kutosha huinuka na kuteleza juu ya maji, hivyo hazifungwi na kikomo hicho. Hata kwazo, hata hivyo, nguvu haizai kasi kwa kiwango sawa. Kwa makadirio yanayotumiwa na wasanifu, kasi ya boti inayoteleza hufuata kipeo cha pili cha nguvu ikigawanywa kwa uzito. Maana yake ni kwamba kuongeza nguvu maradufu huongeza kasi kwa takriban asilimia 41 pekee, tena iwapo uzito haukubadilika. Kwa upande mwingine, boti inayopunguziwa thuluthi moja ya uzito wake hupata nyongeza ya karibu asilimia 22 pasi na kununuliwa chochote.

Adui aliye chini ya maji

Katika bahari yenye joto kama ya Afrika Mashariki, chochote kinachoachwa majini hupata wakazi upesi. Siku za kwanza huwa ni ukoga mwembamba unaoteleza. Baadaye huja mwani, na baada ya wiki chache viumbe vyenye magamba magumu kama chokaa hujibandika kwa maelfu. Mtu aliyesimama gatini haoni kitu, maana boti bado inang'aa juu ya maji.

Athari yake si ndogo. Mwaka 2021, mradi unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini (IMO) ulitoa matokeo ya awali kuhusu meli kubwa. Ulionyesha kwamba ukoga wenye unene wa nusu milimita, ukifunika hadi nusu ya sehemu iliyo majini, waweza kuongeza hewa chafu inayotolewa na meli kwa asilimia 25 hadi 30, kutegemea aina ya meli na mwendo wake. Hewa hiyo hutokana na mafuta yanayochomwa, kwa hivyo kinachoongezeka kwa hakika ni matumizi ya mafuta. Boti ndogo si meli, lakini msuguano wa maji haubagui.

Hesabu ya mfukoni yaweza kumsaidia mwenye boti kuelewa hasara hiyo. Injini ya petroli yenye nguvu za farasi 40, ikiendeshwa kwa nguvu zote, hutumia takriban lita 15 kwa saa, na zile kuukuu za mipigo miwili hutumia zaidi. Tuseme safari ya saa moja sasa huchukua saa moja na robo kwa sababu ya uchafu. Hiyo ni nyongeza ya karibu lita 4 kila safari. Boti inayofanya safari mbili kwa siku, siku 25 kwa mwezi, itapoteza karibu lita 190 za petroli kila mwezi kwa kusukuma ukoga na magamba.

Wazee wa Pwani walilifahamu jambo hili kabla ya injini kufika. Walingoja maji ya bamvua, wakakipandisha chombo ufuoni, na maji yalipokupwa wakakwangua sehemu ya chini, wakaichoma kwa makuti ili kuua wadudu watoboao mbao, kisha wakaipaka deheni, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Bahari ya Kenya bado inawafaa wanaotaka kufanya hivyo, kwani wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Msimu wa kusi, bahari inapochafuka na safari kupungua, ndio wakati mwafaka wa kazi hii.

Boti ya faiba, hata hivyo, haichomwi wala haiguswi na moto. Huoshwa kwa brashi na maji mara tu inapotoka baharini, kabla magamba hayajakauka, na kukwanguliwa kwa kipande cha mbao au plastiki. Chuma chenye makali huchana utando laini wa nje, na kila mchubuko huwa makao mapya ya viumbe na mlango wa maji kupenya ndani ya faiba. Boti inayopandishwa ufuoni kila jioni haihitaji zaidi ya kuoshwa. Ile inayolala majini hufaidika na rangi maalumu ya kuzuia viumbe.

Rangi hizo zina masharti yake. Zile zilizochanganywa na sumu ya bati zilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2001 na kuanza kutekelezwa Septemba 2008, baada ya kubainika kwamba zinadhuru chaza na konokono wa baharini. Zinazotumika sasa nyingi zina shaba. Shaba haipakwi kwenye mguu wa injini uliotengenezwa kwa alumini, kwa sababu madini mawili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo huliwa. Vilevile, anayekwangua rangi kuukuu anapaswa kuziba pua na mdomo, na asiyaache mabaki yake ufuoni.

Jambo jingine lisiloonekana ni umbo. Boti ya faiba iliyoegemezwa juu ya mawe mawili kwa miezi kadhaa huweza kubonyea pale inapoegemea. Kibonde kidogo karibu na tezi kinatosha kuvuta omo chini na kupunguza mwendo. Egemeo liwe pana, na uzito mwingi ubebwe na mkuku.

Propela: kiatu cha boti

Rafadha, au propela kama wanavyoiita mafundi, huuzwa kwa vipimo viwili vya inchi. Cha kwanza ni upana wa duara lake. Cha pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayopenya ubao.

Mathalani, injini inazunguka mara 5,500 kwa dakika na gia zake hupunguza mizunguko hiyo kwa nusu. Propela basi huzunguka mara 2,750. Ikiwa hatua yake ni inchi 13, sawa na sentimita 33, boti ingesonga kilomita 54 kwa saa. Maji si ubao, kwa hivyo sehemu ya hatua hupotea kwa kuteleza. Hasara ya asilimia 15 ni ya kawaida, na boti itakwenda kilomita 46 hivi. Lakini ncha zikiwa zimepinda kwa kugonga mwamba, au kingo zikiwa zimemeguka, hasara hiyo huongezeka na mtetemo wake huanza kula beringi na sili za mguu wa injini.

Kosa la kawaida ni kufunga propela yenye hatua kubwa kwa matumaini ya kupata kasi. Ni sawa na mwendesha baiskeli anayepanda mlima kwa gia nzito. Injini hushindwa kufikia mizunguko iliyokusudiwa na mtengenezaji, ambayo kwa injini nyingi za mipigo minne ni kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika ikiendeshwa kwa nguvu zote. Inapokosa kuifikia hupata joto kali, hujaza masizi na hufa mapema. Kupunguza hatua kwa inchi moja huongeza mizunguko kwa kiasi cha 150 hadi 200. Kwa boti ya abiria inayobeba mzigo mzito kila siku, hatua ndogo mara nyingi ndiyo huleta mwendo mzuri zaidi.

Propela ifunguliwe mara kwa mara. Mishipi ya nailoni inayoelea baharini hujizungusha kwenye mhimili wake, hukata sili, kisha maji huingia kwenye gia. Katika Ziwa Victoria hakuna magamba ya baharini, lakini gugumaji na nyavu kuukuu hufanya hasara iyo hiyo, na majani yake huziba matundu ya kuvutia maji ya kupozea injini.

Kimo cha injini tezini nacho hukaguliwa. Bamba lililo juu ya propela linapaswa kuwa karibu sawa na sehemu ya chini kabisa ya boti. Injini ikikaa juu mno, propela huvuta hewa na kuzunguka bure. Ikikaa chini mno, mguu wake hukokota maji kama nanga. Pembe yake pia ina maana: ikielekezwa ndani kupita kiasi, omo huzama na kulima maji; ikielekezwa nje kupita kiasi, boti huruka na kutumbukia kama pomboo.

Uzito uliojificha

Abiria na mizigo huonekana, kwa hivyo huhesabiwa. Usiohesabiwa ni uzito unaohamia botini na kukaa. Lita moja ya maji ni takriban kilo moja. Lita 80 za maji ya ngama zilizoachwa chini ya sakafu ni sawa na abiria mmoja asiyelipa nauli, tena abiria asiyetulia, maana maji hukimbilia upande ambao boti inalalia na kuilaza zaidi.

Katika boti za faiba za zamani, sponji iliyowekwa chini ya sakafu ili chombo kisizame hunywa maji taratibu kwa miaka. Mwenye boti atashuku hali hiyo akiona mstari wa maji umepanda ilhali boti haina mzigo. Akitoboa tundu dogo kwenye sakafu na kukuta sponji ikivuja maji, atakuwa amepata jibu ambalo injini mpya isingempa.

Mpangilio wa mzigo nao ni nusu ya kazi. Madumu ya mafuta, nanga na mizigo vikirundikwa tezini, karibu na injini, boti huinua omo na kushindwa kutandaa juu ya maji. Vikisogezwa katikati, boti ile ile yenye abiria wale wale huinuka mapema na kutumia mafuta kidogo.

Afya ya injini

Baada ya hayo yote ndipo zamu ya injini hufika. Kanuni ya kwanza kwa wanaotumia bahari ni kuisafisha ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa dakika 10 hadi 15, baada ya kazi ya siku. Chumvi ikikauka huziba mishipa myembamba ya maji ya kupozea. Injini isiwashwe kamwe bila maji, kwani impela ya mpira inayoyavuta huharibika kwa muda mfupi sana ikizunguka pakavu.

Mshipa mdogo wa maji unaochuruzika nyuma ya injini ndio mpigo wa moyo wake. Ukidhoofika, nahodha apunguze mwendo mara moja na kukagua kama tundu limezibwa na mchanga au mfuko wa plastiki. Hata usipodhoofika, ni busara kubadilisha impela kila mwaka kwa boti inayofanya kazi kila siku.

Oili ya gia hubadilishwa kila baada ya saa 100 hivi za kazi. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameshaingia na sili zinahitaji kubadilishwa kabla gia hazijaoza. Plagi nazo huzungumza: zenye rangi ya kahawia hafifu zina afya; nyeusi zenye masizi au unyevu huonyesha mafuta yamezidi au moto ni dhaifu; nyeupe kama majivu huonyesha joto kupita kiasi, na hilo ni onyo la kusimamisha kazi. Injini ya mipigo miwili ifuate kipimo cha mtengenezaji cha kuchanganya oili, ambacho kwa nyingi ni lita moja kwa lita 50 za petroli. Kukadiria kwa macho huiponza: oili ikizidi hujaza masizi, ikipungua huiunguza pistoni.

Chujio lenye kutenga maji na petroli ni kinga ya gharama nafuu, hasa kwa wanaonunua mafuta ya madumu. Vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu wa injini ili viliwe na chumvi badala ya alumini vibadilishwe vikibaki nusu. Kuvipaka rangi ni kuvizuia kufanya kazi.

Kupima kabla ya kutibu

Njia ya uhakika ya kujua ugonjwa ni kuwa na kumbukumbu ya siku za uzima. Boti ikiwa safi na injini ikiwa imehudumiwa, mwenyewe hufanya safari ya majaribio akiwa na mzigo anaoujua. Simu yenye kipima mahali humwonyesha kasi, na mita ya injini humwonyesha mizunguko. Ni lazima aende na kurudi katika njia ile ile na kuchukua wastani, kwa sababu mkondo wa maji humpa mtu kasi ya uongo upande mmoja na kumnyang'anya upande wa pili. Matokeo pamoja na lita zilizotumika huandikwa daftarini.

Miezi mitatu baadaye jaribio hurudiwa. Mizunguko ikiwa imepanda huku kasi ikishuka, lawama ni ya propela: imepinda, inavuta hewa, au mpira ulio ndani ya kitovu chake umeachia. Mizunguko na kasi vikiwa vimeshuka pamoja, boti imechafuka, imelemewa na uzito, au injini imedhoofika. Hapo huanzwa kwa kuosha na kuondoa maji na mizigo, kisha jaribio lifanywe tena. Kasi ikirejea, fundi wa injini hahitajiki. Isiporejea, sasa ana kazi.

Hatari ya kuruka hatua hizi si ya fedha pekee. Injini ya farasi 40 ya mipigo miwili mara nyingi haifiki kilo 100, ilhali nyingi za farasi 75 za mipigo minne huzidi kilo 150. Uzito huo wote huning'inia kwenye tezi iliyojengwa kwa injini ndogo. Tezi huzama zaidi, mawimbi ya nyuma huingia kwa urahisi, na ubao wake huweza kupasuka chombo kikiwa kwenye mlango wenye mkondo mkali. Boti iliyoundwa kwa mwendo fulani ikilazimishwa kuuzidi huwa ngumu kuimudu inapokata kona.

Boti nyingi za kiwandani huwa na kibati kinachotaja nguvu ya juu ya injini, idadi ya watu na uzito zinazoweza kubeba. Palipo na shaka, wakaguzi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Masuala ya Bahari Nchini (KMA), ambayo hukagua vyombo vidogo, ndio wa kuulizwa kabla ya pesa kutolewa, wala si baada ya injini kufungwa. Aidha, kasi nzuri haiondoi haja ya jaketi okozi kwa kila abiria.

Kwa hivyo, boti inapochelewa kufika, mpangilio wa busara ni huu: kwanza brashi, pili propela, tatu ngama na mizigo, nne plagi, oili na impela. Mwenye boti atakayeufuata huenda akagundua kwamba injini aliyokuwa akiitafutia mnunuzi bado ina miaka kadhaa ya kazi.